Guangzhou bila kufuata mzigo: nimezunguka peke yangu siku chache, njooni tuongee

#1 Msafiri Mdogo (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Kila nikisema nimetoka Guangzhou swali la kwanza ni "umeleta nini", nikijibu sijaleta kitu nilienda kutembea tu mtu ananikodolea macho. Naelewa bana, kwetu huo ni mji wa mizigo, mtu anatua leo kesho yuko sokoni keshokutwa yuko kwa wakala wa kontena, akirudi hajui hata mto unaokata mji katikati unaitwaje. Mimi duka sina. Nilikuwa na likizo fupi na hela ya kuunga unga nikasema ngoja nikauone mji wenyewe, peke yangu, bila mwenyeji bila kikundi. Na msimamo wangu ni kwamba ni mji mtamu kuliko unavyosifiwa, hasa ule upande wa zamani, na kitakachokutesa siyo lugha wala chakula, ni simu yako kama hujaiandaa ukiwa bado bongo.

Kwa hiyo nianze na simu.

China siku hizi hela iko kwenye simu. Shusha Alipay, app yao ya malipo, kabla hujaondoka, jisajili, piga picha paspoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Fanya nyumbani maana benki inakutumia namba ya uthibitisho kwenye laini yako, ukifika huko laini isiposhika umekwama na kadi yako mkononi. Halafu piga benki waambie unaenda China wakufungulie malipo ya mtandaoni ya nje, benki zetu zinapenda kuzuia zikiona muamala umetokea Guangdong, jimbo lenye mji huo, saa nane usiku. Weka na WeChat pia kama akiba. Malipo chini ya yuan 200 hayakatwi kitu, ukivuka hapo kadi ya nje inakatwa asilimia 3, so kama unalipa hoteli lijue hilo. Yuan moja chukulia 350 hivi ya kwetu. Noti wanapokea, kisheria hawatakiwi kukataa, ila chenji ndo shughuli, mama anayechoma viazi vitamu pembeni ya barabara droo ya hela hana kabisa, kaning'iniza tu kile kimraba cha kuskani kwenye toroli lake.

Pili, WhatsApp, Google, YouTube, Instagram, Facebook vyote vimefungwa kule. Ukitumia wifi ya hoteli hupati kitu. Ila ukiwa na eSIM ya nje, ile laini ya ndani ya simu isiyo na kadi, au romingi ya laini yako ya nyumbani vinafunguka, kwa sababu data inapitia nje. Mimi nilienda na eSIM, nikawa naongea na mama kila siku kama niko Mbagala. Ramani tumia Amap, ina Kiingereza sasa hivi, ya Google kule inakuonyesha uko ndani ya mto. Na skrinishoti ya jina la hoteli kwa herufi za Kichina iwe kwenye simu muda wote, dereva teksi umri wa baba yako hasomi herufi zetu.

Kutua: uwanja unaitwa Baiyun, mashine inachukua alama za vidole vyote kumi, foleni ya uhamiaji inaenda kwa wepesi wake. Ukitoka achana na jamaa wanaokunong'oneza "taxi taxi", shuka chini upande metro, treni ya chini ya ardhi, laini namba 3, inakutoa uwanja wa ndege mpaka katikati ya mji moja kwa moja. Tiketi ni kidude cha plastiki cha duara mfano wa sarafu, unagusisha kuingia, kutoka unakitumbukiza geti linakimeza. Kila stesheni begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi, hata ukiwa na mkoba wa mkate. Matangazo ndani yanasomwa kwa Kimandarini, Kikantoni na Kiingereza, hupotei. Ila epukeni hiyo laini 3 jioni watu wakitoka kazini hasa stesheni ya Tiyu Xilu, aisee, pale unabebwa na watu, miguu haihusiki.

Sasa mji. Wageni wengi wanapanga Tianhe kwenye maghorofa mapya. Mimi nasema panga Yuexiu au Liwan karibu na laini namba 1, ile ya manjano, ndo ya kwanza kabisa ya mji ule ilianza 1997, na karibu kila kitu cha kale kiko kwenye mstari huo. Shuka Huangsha ukanyage kisiwa cha Shamian, ndo Waingereza na Wafaransa walipewa eneo lao baada ya vita vile vya afyuni karne ya 19, majengo yao bado yapo na miti mikubwa ya mizizi inayoning'inia, maharusi wanapigwa picha kila kona. Stesheni ya Chen Clan Academy kuna jumba la ukoo wa Chen lililokamilika 1894, usikimbilie ndani, simama kwanza uani uangalie juu ya paa, mgongo wote wa paa umejaa visanamu vya udongo wa kuchoma na vya chokaa, watu, farasi, ndege, majumba madogo, rangi bado zipo. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma.

Mahali palipoondoka na mimi ni mtaa wa Yide Lu. Kuna kanisa kuu Katoliki la mawe matupu, lilianza kujengwa 1863 likaisha 1888, minara miwili imechongoka. Ukitoka kanisani ukavuka tu unaingia kwenye maduka ya vitu vikavu vya baharini, harufu inakupokea kabla hujafika. Magunia ya kamba wakavu, ngisi, chaza, halafu nikaona majongoo bahari wamepangwa kwa saizi kwenye mitungi ya kioo, weusi, wamejikunja. Wale wale ambao kwetu pwani watu wanawazamia na hakuna hata mmoja anayewala. Pembeni mabondo ya samaki, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, ya njano yanapitisha mwanga, makubwa yamefungwa utepe mwekundu yamekaa ndani ya sanduku ukutani. Nikamuuliza muuzaji kwa simu yanatoka wapi, akataja nchi nyingi, ya Afrika akanionyesha kwenye sanduku la pili kutoka chini. Nikabaki nayaangalia tu. Mtu wa Mwanza, kwenye mabondo ya sangara, lazima afike pale.

Chakula. Watu wa kule asubuhi wanaenda kunywa chai na chai yenyewe ni kisingizio, wanakula vikapu vya dim sum, vitafunwa vidogo vya mvuke, na kupiga soga mpaka mchana, wazee na magazeti yao. Mimi peke yangu nikakalishwa meza moja na mabibi watatu maana meza hazitoshi. Nikaletewa birika, kikombe, bakuli na vijiti, nikataka kumimina ninywe, bibi mmoja akanishika mkono. Akachukua birika langu akamimina chai ya kwanza kwenye bakuli langu, akasuuza kikombe humo akikizungusha kwa kidole, akasuuza kijiko, akasuuza vijiti, akamwaga yote kwenye beseni katikati ya meza. Ndo akanijazia ya kunywa. Meza zote zinafanya hivyo, vyombo vimeshaoshwa jikoni ila wao lazima wasuuze tena. Na akikumiminia mtu chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndo asante yao, huna haja ya kukatiza maongezi. Agiza zile za kamba ngozi inapitisha mwanga na zile za shuka la unga wa mchele linalozungushiwa nyama ya ng'ombe. Miguu ya kuku ipo, wanaipika laini mpaka inaachia mfupa.

Kuna vibanda vya chai ya mitishamba, majagi yamepangwa kaunta. Wakikupa ile nyeusi, ni mwarobaini wa bibi yako, usijifanye mwanaume.

Canton Tower, ule mnara wenye kiuno, mita 600, ulifunguliwa 2010. Kupanda juu ni hela nyingi na siku ya ukungu unaona weupe tu. Mimi sikupanda. Usiku nenda bandari ndogo ya Tianzi, panda boti ya abiria ya kawaida siyo ile ya watalii, nauli ni pesa ya daladala, inakupitisha mto Zhujiang mpaka chini ya mnara wenyewe taa zote zimewaka. Mnara unapendeza ukiwa nje yake.

Karibuni maswali.

#2 Mzee wa Kontena

Mkuu hongera ila umeniumiza. Mimi naenda huko tangu enzi tunalala watu sita chumba kimoja Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika, na hivyo vitu vyote unavyosema sivijui. Najua masoko ya jumla, najua Baima, najua Zhanxi, najua Canaan pale Sanyuanli, najua wapi pa kupata wali na maharage saa sita usiku. Kanisa la mawe nilishalipita nikifuata maduka ya mapambo hapo hapo Yide Lu, sikuinua kichwa.

Ila niwaambie vijana, kama unaenda kutembea epuka nusu ya pili ya Aprili mpaka mwanzo wa Mei, na nusu ya pili ya Oktoba mpaka mwanzo wa Novemba, ndo Maonyesho ya biashara ya Canton hayo yanafanyika pale Pazhou, yapo tangu 1957, hoteli zinapanda bei mji mzima. Na tarehe 1 mpaka 7 Oktoba Wachina wenyewe wako likizo, utaona visogo tu.

#3 Bint Tanga

Asante kwa uzi. Mimi ni mwanamke, Muislamu, nataka kwenda peke yangu. Kuna usalama? Nitakula nini maana nasikia nguruwe yuko mpaka kwenye mboga?

#4 Msafiri Mdogo

Dada Bint Tanga, usalama wa mitaani usiku sikuona shida, wanawake wanatembea saa tano usiku na simu mkononi, viwanjani kina mama wanacheza muziki kwa mistari mpaka usiku. Kitu cha kukuogopesha ni pikipiki za umeme, hazina sauti na zinapita juu ya njia ya miguu, kabla hujageuka angalia nyuma.

Chakula ni kweli, mafuta ya nguruwe yanaweza kuwemo hata kwenye mchicha, na zile dim sum nyingi zina nguruwe hata ikiwa imeandikwa kamba. Kariri hizi herufi mbili 清真, ndo halali. Vimigahawa vya tambi za kuvuta kwa mkono vya Waislamu wa kaskazini magharibi viko karibu kila mtaa, bakuli la tambi na nyama ya ng'ombe, bei ya kawaida sana, unamuona jamaa anaupiga unga mezani anauvuta anaukunja anauvuta tena mpaka unakuwa nyuzi. Usitafute maandishi ya Kiarabu kwenye ubao maana sehemu nyingi yameondolewa, tafuta hizo herufi.

Na Ijumaa usikose kufika msikiti ulioko karibu na bustani ya Yuexiu, stesheni ya Yuexiu Park laini 2. Hapo ndo kuna kaburi ambalo Waislamu wa kule wanasimulia ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanabishana, lakini mahali penyewe pametulia, mianzi na miti, kisha Ijumaa panajaa watu wa kila rangi, Wachina, Waarabu, Wasomali, Wamali, nikasikia na Kiswahili nyuma yangu. Nje wanauza mikate ya Wauyghur na mishikaki ya kondoo. Mjini kuna msikiti mwingine wa Huaisheng, shuka Ximenkou, ni katika misikiti ya kale zaidi China nzima, mnara wake wa duara una mita 36 na inasemwa zamani ulikuwa unawaongoza mabaharia maana mto ulikuwa unafika karibu. Wageni wasio Waislamu mara nyingi hawaingizwi, wewe vaa mtandio utaelewana nao.

#5 Msee wa Roysa

Sema wasee, mimi niko Nairobi. Nimeona kutoka Guangzhou hadi Hong Kong ni kama lisaa tu na treni. Si naweza enda asubuhi nirudi jioni?

#6 Mzee wa Kontena

Kaka wa Kenya simama hapo hapo!! Angalia visa yako imeandikwa kuingia mara ngapi. Hong Kong ni ya China kweli lakini uhamiaji ni mwingine, ukivuka kwenda Hong Kong umetoka China, na kama visa ni ya kuingia mara moja imeshakwisha, jioni hurudi Guangzhou na begi lako liko hotelini. Nimeona mtu mzima analia pale stesheni ya West Kowloon, Hong Kong, kwa hili. Macau ni vile vile. Kama unataka Hong Kong omba visa ya kuingia mara mbili tangu mwanzo, au iweke mwisho wa safari uondokee huko huko. Sisi watu wa Afrika Mashariki ile ya kukaa siku 10 bila visa ukiwa unapita hatumo, usidanganywe na video za Wazungu.

Ukitaka treni ya kasi bila balaa nenda Shenzhen, mji wa jirani, ukarudi, ni nusu saa na kidogo. Tiketi inakatwa kwa namba ya paspoti na unaingilia kwa paspoti yenyewe, usiiache hotelini. Na stesheni ya Guangzhou South iko mbali na mji, ondoka mapema.

#7 Sangara Mbishi

Mleta uzi niko Mwanza nimesoma hapo kwenye mabondo mara tatu. Bei ilikuwaje? Maana huku mwalo tunavyoyatoa na wanavyosema yanauzwa huko...

#8 Msafiri Mdogo

Sikuandika bei mkuu, na zinatofautiana mno kwa saizi, unene na aina ya samaki, sangara siyo wa juu kabisa pale. Ila ukifika uangalie kitu kimoja, bei za China sokoni zinaandikwa kwa jin ambayo ni nusu kilo, mtu wa kwetu anasoma anadhani ni kilo. Kwa hiyo unayoiona zidisha mara mbili kisha ukae chini.

#9 Kitochi

Wote mnasifia. Mmesahau Aprili 2020 Waafrika wanatolewa kwenye nyumba na hoteli hapo hapo Guangzhou kisa korona, watu wanalala nje, mpaka mabalozi wa Afrika wakaandika barua ya kulalamika? Mimi hela yangu siipeleki.

#10 Mzee wa Kontena

Haijasahaulika kijana, nina rafiki yangu begi lake lilitupwa nje ya mlango. Watu wetu wengi waliondoka wakati ule na Xiaobei haikurudi kuwa ile. Mimi narudi kwa sababu ya kazi, asiyetaka kurudi simlaumu hata kidogo.

#11 Msafiri Mdogo

Kitochi hoja yako nzito na siwezi kuibishia. Nitakuambia nilichoona mimi, sasa hivi. Hoteli moja ndogo niliyobuku mtandaoni nilifika wakasema hawapokei wageni wa nje, ikabidi nitafute nyingine usiku, sijui kama ni rangi au ni ile kazi ya kukusajili polisi ambayo hoteli ndogo zinaikwepa, Mrusi mmoja naye alikataliwa mbele yangu. Kwenye metro siti ya pembeni yangu ilibaki wazi mara kadhaa watu wamesimama. Watoto wanakuja kukugusa nywele, watu wanakupiga picha bila kuomba. Na kuna yule bibi wa chai, na kijana aliyenishika mkono kwenye mvua akanifikisha stesheni na mwavuli wake kisha akageuka kurudi alikotoka. Vyote vilitokea kwenye safari hiyo hiyo. Anayeenda aende akijua. Na abuku hoteli iliyoandika wazi inapokea wageni, kisha awatumie ujumbe wathibitishe.

#12 Bint Tanga

Nimeshaamua naenda, baada ya hayo Maonyesho kwisha. Hali ya hewa katikati ya Novemba ikoje? Na vyoo?

#13 Msafiri Mdogo

Novemba mpaka Desemba ndo pazuri, pakavu, jioni kajaketi kepesi. Machi na Aprili unyevu mpaka kuta na sakafu zinatoa jasho na nguo hazikauki, kiangazi ni joto la Dar likiwa na vimbunga juu yake.

Vyoo vya metro na vya mitaani ni vya kuchuchumaa kama vyetu, vingi visafi, bure, ila tishu na sabuni usitegemee. Tembea na tishu kwenye mkoba siku zote. Maji ya bomba usinywe, wao wenyewe wanachemsha, ndo maana kila kona kuna bomba la maji ya moto na kila mzee ana chupa yake. Nunua chupa ya chai ya kwao hapo hapo uwe unajaza.

#14 Msee wa Roysa

Na pawabenki? Simu ikizima huko si umekwisha kabisa.

#15 Msafiri Mdogo

Kuna za kukodi kila duka na mgahawa, unaskani kwa Alipay inachomoka, unairudisha duka lingine lolote lenye kampuni hiyo. Ya kwako ukibeba, kama una ndege ya ndani ya China, tangu tarehe 28 Juni 2025 lazima iwe na alama ya 3C, ile ya usalama wa bidhaa ya China, imechapishwa juu yake isomeke, vinginevyo inabaki kwenye boksi pale ukaguzi. Nyingi za Kariakoo hazina hiyo alama. Iangalie kabla ya kupaki.